Helikopta Tatu na Nywele za Aline

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, maana mimi nimeshajicheka mpaka nimechoka, na bado kila nikifungua saluni yangu pale Rosettenville nikakiona kile kioo cha mbele masikio yananiwaka moto. Mimi Mama Riziki, msusi mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano, mwanamke ambaye hata mteja mkorofi hunyamaza nikishika kitana, nilikutwa mchana kweupe nimelala juu ya mama mkwe wa watu, wigi mbili zimenining'inia shingoni, na nusu ya mtaa imesimama inatazama. Hiyo ndiyo sehemu ya kuchekesha. Ile nyingine nitaifikia.

Yote yalianza na karatasi. Jirani yangu Mzee Tavares, Mreno mwenye duka la mikate, alikuja Alhamisi moja akichechemea na mguu wake wa kushoto, mkononi karatasi na selotepu, anaomba aibandike kwenye kioo changu. Sasa mzee huyu akianza kuongea hamalizi (atakueleza habari za unga, za goti, za marehemu mkewe, kisha anarudi kwenye unga), na mimi nilikuwa na vichwa vitatu vinanisubiri, kwa hiyo nikafanya kama ninavyofanya siku zote nikitaka kukata maneno, nikamwambia, "Sharp, Mzee, sawa, bandika tu." Akabandika kwa nje, maandishi yanatazama barabarani, sisi ndani tunaona mgongo mweupe wa karatasi. Nilidhani ni tangazo la mikate. Sikutoka hata hatua mbili kuisoma.

Na mkumbuke mwaka wenyewe, 2015, ninyi mliokuwa hapa Joburg hamhitaji kuelezwa. Maduka ya wageni yalikuwa yamevunjwa, wanajeshi walikuwa wameonekana mitaani, na kwenye simu zetu kila jioni kulikuwa na sauti ya mtu usiyemjua inayosema kesho ni zamu ya mtaa fulani. Kwetu hawakuja, lakini tulikuwa tunalala viatu vikiwa kando ya kitanda. Mlango wa saluni, ule wa chuma wa kushusha, niliupaka grisi ili siku ya siku niweze kuushusha kwa mkono mmoja. Mume wangu alinicheka, nikamwambia wewe cheka, akili ni nywele na mimi ndiye msusi.

Basi Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye kiti nina bi harusi. Aline, binti wa Bujumbura, anaolewa saa nane kanisani La Rochelle, na jamani yule mtoto alikuwa na nywele, nywele zake mwenyewe, zinashuka mpaka katikati ya mgongo. Mama yake ndiye aliyeanza kuzitunza, tangu Aline akiwa mdogo, na mama huyo alifia kwenye vita vya kwao. Kwa hiyo hazikuwa nywele tu. Pembeni ameketi mama wa bwana harusi, Mama Désiré wa Lubumbashi, mkoba mapajani, macho hayabanduki kwenye mikono yangu.

"Mama Riziki, ile nywele uichunge kama mayai," ananiambia. "Miye nimeshaambia famille yote, bakuye bayione." Yaani ukoo mzima uje kuziona.

Nikampaka Aline dawa ya kulainisha. Dawa ile ina masharti: dakika kumi na tano, ukijitia ujasiri ishirini, kisha maji, maji mengi. Ukiisahau inakula nywele, ikimaliza nywele inakula ngozi. Nimewafundisha hayo wasichana wengi, kwa ukali.

Ndipo nikaisikia.

Joburg helikopta ni za kila siku, za polisi, za hospitali, za kutafuta magari yaliyoibwa, hata hatuinui vichwa. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa sauti nzito ya kizamani, inapiga, inapiga, inaingia kifuani kabla ya kuingia sikioni. Kwetu Uvira tulipokuwa watoto tulizijua helikopta kwa sauti, zile nyeupe za misaada tulizipungia mkono, hizi za kupiga kifua tulizikimbia, moja kwa moja kwenye mashamba ya mihogo, uso udongoni. Nikazima draya iliyokuwa inakausha wigi nisikie vizuri (laiti nisingeizima), nikatoka mlangoni, nikatazama juu.

Zilikuwa tatu, chini chini, zimefuatana, za rangi ya majani makavu, pua zao za kioo. Za jeshi. Na hapo sikukosea, nawaapia, zilikuwa za jeshi kweli.

Sikumuuliza mtu. Nilivuta mlango wa chuma ukashuka, nikakata umeme kwenye swichi kubwa, nikapiga kelele, "Mulale chini! Muingie stoo, bote!"

"Kuko nini? Unafunga mulango ya nini?" Mama Désiré anauliza.

"Jeshi! Banakuya!"

Hakuuliza la pili. Stoo yangu ni ya kuweka maboksi ya nywele na wigi, mtu mmoja akiingia lazima aingie kwa ubavu, na sisi tuliingia wanne, mimi, Mama Désiré, Aline na mdogo wangu Mapendo anayenisaidia kusuka. Nikafunga mlango kwa ndani. Giza, joto, maboksi yanatuangukia. Nje zile helikopta zikapita, zikaenda, tukaanza kupumua, halafu tukazisikia zinageuka. Zinarudi! Mapendo akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Mama Désiré akaanza kuomba, na sala ya Lubumbashi haijui kunong'ona, "Yesu, unatuona, Yesu, batoto bangu," nami nikamlalia ili anyamaze, nikanyoosha mkono mwingine gizani nikamziba Aline mdomo, kwa sababu kwetu sauti moja ya mtoto iliweza kuua shamba zima.

Mara mlango wa mbele ukapigwa. Ngumi, kwenye chuma, saluni nzima inatetemeka. Na sauti ya mwanamume, kwa Kiingereza, "Tokeni! Tokeni nje haraka!" Kisha sauti nyingine, na nyingine. Nilikojoa kidogo. Nimesema, mchekao chekeni.

Machozi ya Aline yalikuwa yanateremka kwenye kiganja changu na nikafikiri analia kwa woga kama sisi sote. Halafu mkono wangu ukaanza kuwasha. Kwanza kidogo, halafu moto. Nikaunusa.

Dawa.

Sasa hii ndiyo ile sehemu niliyosema nitaifikia. Maji yalikuwa kwenye sinki, na sinki liko mbele, hatua mbili kutoka ule mlango unaopigwa ngumi. Nilijua. Nilijua kabisa kichwani mwa yule mtoto kuna nini na inafanya nini. Na sikutoka. Nilisema moyoni, waondoke kwanza, wakiondoka tu namuosha, nikaendelea kulala pale na mkono wangu mdomoni mwake. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Kila mtu anajidhania shujaa mpaka siku yake ifike, na yangu ilifikia stoo.

Kumbe kwenye haraka yangu mlango wa chuma nilikuwa nimeushusha bila kuutia kufuli, na kwa ile grisi yangu ulipanda kwa kidole. Tukasikia unapanda. Tukasikia nyayo. Nilimwaga sala zote ninazozijua. Mlango wa stoo ukavutwa, kitasa kikaachia, nasi tukamwagika nje kama viazi kutoka gunia lililopasuka, Mama Désiré chini, mimi juu, na wigi zangu shingoni.

Juu yetu alikuwa amesimama Mzee Tavares, kofia mkononi, uso mweupe kuliko unga wake.

"Mama, mko salama? Kuna majambazi humu?"

Sikumjibu. Nilimburuta Aline hadi kwenye sinki nikafungua maji yote, na nywele zikaanza kutoka. Hazikukatika, zilitoka, mafungu mafungu, zikaziba tundu la sinki, na ngozi ya kichwa ilikuwa nyekundu. Hakulia kwa sauti hata hapo. Niliyelia kwa sauti ni mimi.

Nyuma yangu mlangoni watu wamejaa, wengine simu juu, na Mzee Tavares anaeleza, anaeleza, na kwa mara ya kwanza katika ujirani wetu nilimsikiliza mpaka mwisho. Kumbe kulikuwa na maonyesho ya ndege upande wa Germiston, na zile ni helikopta za kizamani, zimeshastaafu jeshi, wanazirusha wazee wanaozipenda. Zinaitwa Alouette (kwa Kifaransa ni kindege kidogo kinachoimba, hebu fikirini). Yeye Mzee alipokuwa askari kijana wa miaka ishirini, mguu umevunjwa na risasi porini Angola, helikopta ya aina hiyo ndiyo iliyoshuka ikamtoa. Aliposikia ile sauti alikimbilia kwetu, na mguu wake ule, tutoke tuone pamoja naye. Alipoona tumeshusha mlango na kuzima taa akafikiri tumevamiwa, akaita watu.

"Lakini nilikuambia, mama," akasema taratibu, akaonyesha kioo. Nikatoka, nikaisoma ile karatasi, siku mbili baada ya kubandikwa. Picha ya helikopta, ile ile, pua ya kioo. Jumamosi. Karibuni nyote na watoto.

Mama Désiré alinitukana kwa lugha tatu, na nilistahili zote. Kisha akatazama saa, akachukua kitambaa cheupe kwenye mkoba wake, akamfunga Aline kichwa kwa mikono yake mwenyewe, polepole, asiiguse ile ngozi. Kanisani shangazi mmoja alipouliza nywele ziko wapi, tulizoambiwa tuje kuziona, Mama Désiré alimjibu bila kupepesa macho, "Ile ni modèle ya sasa. Weye unatoka wapi?"

Aline nilimkimbia karibu miezi miwili. Nikimwona upande huu wa barabara, mimi nahamia ule. Siku moja akaingia mwenyewe, nywele zimeota fupi kama za mwanafunzi, akakaa kwenye kile kile kiti, akasema nimnyooshee pembeni kwa mkasi. Nikaona nisipomwambia leo sitamwambia tena.

"Aline, mle stoo, nilijua mapema. Nilijua ni dawa, nikaogopa kutoka."

"Najua, Mama Riziki. Nilisikia mkono wako umeshtuka."

"Sasa mbona hukuniuma? Mbona hukupiga kelele?"

Alijitazama kwenye kioo. "Mama yangu alinifundisha. Ukisikia hiyo sauti, lala, usilie, hata siafu wakikuuma usilie." Akapapasa kichwa chake. "Lakini mimi wa kwangu, Mungu akinipa, nitamfundisha kupiga kelele."

Nilimkata nywele siku ile, na nilimharibia kidogo pale nyuma ya sikio. Tangu hapo karatasi yoyote inayoletwa dukani kwangu naisoma mpaka namba ya simu, na Mzee Tavares akianza na unga namsikiliza mpaka goti. Helikopta bado naziogopa, hilo siwadanganyi. Ila kila ninayempaka dawa, kabla sijafungua kopo, namshika bega namwambia: ikikuchoma, piga kelele, hata kama mimi mwenyewe nimekuambia unyamaze.