Banda la video Songea: msichana alichelewa darasani, sisi tukaambiwa ni marehemu

Wakuu, kwema? Leo sina siasa wala swali la ajira.

Kuna uzi humu watu wanabishana kuhusu ile picha ya zamani ya wanafunzi wa bweni na mzimu. Mmoja anasema inatisha kuliko zote, mwingine anasema ni ya kitoto. Nimeusoma wote, nikacheka peke yangu, kwa sababu mimi picha ile niliiona Songea, na tuliyoiona sisi siyo mliyoiona ninyi.

Nitaeleza kama ilivyokuwa. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, kila wiki mjini kuna kitu kipya. Mitumba, redio za kaseti, mabiskuti ya nje. Halafu yakaja mabanda ya video. La kwetu Ruhuwiko lilikuwa la mabanzi, mabenchi sita, televisheni moja juu ya meza ndefu, na jenereta nyuma kwa ajili ya siku za mgao wa umeme, yaani karibu siku zote.

Lakini kilichotupeleka pale hakikuwa televisheni. Alikuwa Kapteni.

Kapteni hakuwahi kuwa mwanajeshi. Alikuwa karani wa chama cha ushirika, akapunguzwa kazi pamoja na wenzake, akabaki na kofia yenye nanga mbele na Kiingereza cha ofisini. Alisimama pembeni ya TV na kipaza sauti, picha ikienda, yeye anatafsiri. Sauti ya wazee anatoa, ya watoto anatoa, hata mbwa alimtafsiri.

Jumapili moja ya likizo ya Juni, baada ya misa, nilimshawishi dada yangu Kristina twende. Yeye alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana upande wa Peramiho, jina la shule naliacha. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza pale mjini, tayari nasumbua watu kwa maswali. Picha ilianza saa tisa mchana, baridi ya Songea mnaijua, tumejifunika khanga moja ya mama.

Picha yenyewe: shule ya bweni Ulaya, theluji, wanafunzi wanatoweka mmoja mmoja. Inajulikana kuna mzimu, haijulikani uko wapi.

Sasa kuna sehemu mwalimu anaita majina. Anaita jina la msichana mmoja mwenye sweta jekundu, kimya. Anaita tena. Mwanafunzi mmoja anajibu, "She is late."

 Kapteni akavua kofia. Akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Ndugu watazamaji, kumbe binti huyu ni marehemu."

Banda zima likashusha pumzi. Halafu, kabla hata hajavaa kofia, mlango wa darasa ukafunguka na yule msichana akaingia na sweta lake.

Wakuu, benchi letu lilianguka. Kuna mama alitoka mbio na kuacha kiatu.

Kuanzia hapo picha ikawa nyingine. Msichana akicheka na wenzake, Kapteni anasema, "Wanacheka na marehemu, hawajui." Akila, "Marehemu anakula ili wasimshtukie." Hakuna aliyekumbuka kupepesa macho.

Ilipoisha watu hawakuondoka. Walisimama nje kutoa maoni, kama ninyi humu.

Baba Fokas, jirani yetu, mwanakwaya, akasema, "Huyo mtoto hajaombewa misa. Wangemwombea misa moja, picha ingeisha pale pale."

Issa, muuza mitumba aliyehamia kutoka Tanga, akamjibu, "Maiti harudi, mzee wangu. Hilo ni jini limevaa sura yake."

"Jini linavaa sweta?"

"Kama lilinunua kwangu, litavaa."

Watu wakacheka. Mama muuza karanga hakucheka. Alisema hayo siyo majini, ni mahoka, roho za wafu wa ukoo, na wafu wakisahauliwa huja kukaa na watu mpaka wakumbukwe.

Mimi nikauliza, "Kama ni marehemu, mbona alikuwa na mafua?"

Baba Fokas akanitazama. "Wewe mtoto, maswali yako yatakukosesha mke."

 Njia nzima mpaka nyumbani Kristina alitembea akitazama nyuma.

Jumatatu asubuhi alimwambia mama kwamba harudi shule.

Tulidhani utani. Baadaye akaeleza. Bwenini kwao kulikuwa na msichana anaitwa Oliva, wa Mpitimbi. Alifika shule wiki tano baada ya wenzake. Akapewa kitanda cha mwanafunzi aliyefariki kwa malaria mwaka wa nyuma, kitanda kinachopakana na cha Kristina. Mpole, hana rafiki, usiku anaamka anakaa tu. Wasichana walishaanza kunong'ona hata kabla ya picha.

"Sasa nimejua," Kristina akasema. "Oliva ni kama yule wa kwenye picha. Silali tena pale."

Mama aliweka chini ungo aliokuwa anapepetea mahindi.

"Shule inafunguliwa Ijumaa. Usipofika, nafasi yako wanapewa wengine, wapo mlangoni. Mimi nilishawapigia magoti masista wa shule mara moja. Magoti ya pili sina."

Hiyo ilikuwa kweli. Kwa msichana wa kwetu wakati ule, nafasi ya sekondari ikipotea imepotea.

Mimi nilijua neno lile. Kila asubuhi mtu akichelewa shuleni kwetu anasimama mlangoni na kusema, "I am late, sir," na hajawahi kufa hata mmoja. Nikaazima kamusi kwa mwalimu, nikamfungulia Kristina ukurasa, nikijiona wakili.

Alisoma polepole. Halafu akaweka kidole kwenye maana ya pili, palipoandikwa: marehemu.

"Asante," akasema. "Kapteni alikuwa sahihi."

Kwa mara ya kwanza niliichukia kamusi.

Jumatano nikaenda kwa Kapteni. Nilimkuta anasafisha deki ya video kwa pamba na spiriti.

"Shikamoo Kapteni. Late siyo kuchelewa?"

"Marahaba. Dogo, mimi nimechapa matangazo ya misiba ofisini miaka kumi na moja. The late fulani, the late fulani. Unanifundisha mimi?"

Nikamwambia habari ya dada. Nikamwambia kuhusu Ijumaa. Aliacha pamba, akaweka kaseti, akaitafuta ile sehemu, akasikiliza. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akachukua kofia yake bila kunitazama, tukaenda nyumbani.

Kristina alimwamkia. Kapteni akakaa kwenye kigoda, kofia magotini.

"Binti, nilikosea. Yule msichana alichelewa tu. Nilisikia lile neno, akili yangu ikaenda kwenye misiba."

"Ulijua lini?"

"Mlango ulipofunguka akaingia. Pale pale nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Watu walipiga kelele vile. Tangu nipunguzwe kazi hakuna aliyewahi kunisikiliza namna ile. Nikaona niendelee kidogo. Kidogo ikafika mwisho wa picha."

Mama alikuwa mlangoni. Hakumgombeza. Alimletea chai.

"Basi na Oliva je?" Kristina akauliza.

"Oliva simjui, binti. Mimi ninaweza kumfufua yule wa kwenye picha tu."

Nilitaka kumpiga teke. Jibu gani hilo? Lakini sasa naona lilikuwa jibu la kweli kuliko kamusi yangu, maana Kristina alikaa nalo siku nzima, na Ijumaa akafunga tranka. Alimwambia mama anakwenda mpaka stendi tu, hajaahidi kupanda gari.

Tukafika mahali gari za Peramiho zinapopakia. Oliva alikuwepo. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilimjua kwa jinsi mkono wa Kristina ulivyobana wangu.

Kitu cha ajabu, na hapa naomba mniamini: Oliva naye alipotuona alirudi nyuma ya mama yake. Mkononi ana rozari.

Mwishowe Kristina akapiga hatua moja mbele, akasema, "Oliva, hujambo?"

Oliva akamgeukia mama yake. "Mama, ameongea."

"Si nilikwambia ni mtu," mama yake akasema, kwa uchovu wa mama aliyesema jambo hilo wiki nzima.

Kumbe kaka yake Oliva naye alikuwa bandani Jumapili ile. Alirudi Mpitimbi akasimulia picha yote, na sauti za Kapteni akaweka.

"Wewe tangu nifike hujawahi kuniitikia," Oliva akamwambia dada. "Nakusalimia asubuhi, unaangalia ukuta. Usiku nakaa macho nasikiliza kama unapumua. Kaka aliponisimulia, nikasema kama bwenini kwetu kuna marehemu, ni wewe."

Nilicheka mpaka mama yake Oliva naye akaanza. Kristina hakucheka. Aliona aibu ambayo sijamwona nayo tena. Akainama, akashika upande mmoja wa tranka la Oliva, Oliva akashika wa pili, wakalipeleka garini. Tranka la dada nikabeba mimi.

Walimaliza kidato cha nne wote wawili, vitanda vile vile.

Chuoni niliitafuta ile picha, nikaiangalia kwenye kompyuta ya rafiki, Kiingereza chake chote nakielewa. Maoni yangu, kwa kuwa kwenye uzi ule mnatoa maoni: ni picha ya kawaida sana. Mzimu wenyewe unatokea mwishoni, umepakwa unga. Mwenye sweta jekundu ni mtoto mzuri tu anayechelewa vipindi. Niliiangalia mpaka mwisho nikimsubiri Kapteni avue kofia.

Nilichojifunza, na bado sijakizoea: nilikuwa sahihi kuhusu neno na haikusaidia kitu. Nilihoji picha, nikahoji kamusi, nikamhoji mtu mzima kazini kwake. Sikumuuliza dada swali jepesi kuliko yote, kama amewahi kuzungumza na huyo Oliva.

Kabla ya kuweka uzi huu nimempigia Kristina kumwomba ruhusa. Akasema, "Andika. Ila usiseme niliogopa. Sema nilikuwa sijapata taarifa kamili."

Nimeshasema aliogopa, atanisamehe.

Haya, wa Bombambili, Lizaboni, Mbinga na kwingine mliokaa kwenye mabenchi yale, mtafsiri wenu aliwahi kumuua nani? Na wewe unayebisha kwamba picha ile haitishi, tuambie kwanza uliiona kwa lugha gani.