Garimoshi la Ujiji Lililoandikwa la Nje

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya kuandikisha bidhaa za maonyesho hapa Kigoma mjini. Mzee aliyekuwa mbele yangu alifungua kanga, akatoa garimoshi la mvuke lenye urefu wa mkono hadi kiwiko, la shaba tupu.

Ofisa aliligeuza juu chini. "Betri unaweka wapi?"

"Halina betri, mwanangu. Linakwenda kwa moto na maji."

Akamimina maji, akawasha utambi wa spiriti, tukasubiri. Punde magurudumu yakazunguka, likatambaa juu ya kaunta likipiga honi, foleni nzima ikashangilia. Ofisa akaandika: "Kitu cha kuchezea. Kimetoka nje ya nchi."

"Nimelitengeneza mwenyewe, nyumbani Ujiji," mzee akasema taratibu. "Mimi ni fundi mstaafu wa reli. Limenichukua miaka minne."

"Mzee wangu, hapa hatuandiki uongo."

Nilichemka kuliko lile garimoshi! Hajaona chapa ya kiwanda wala karatasi ya forodha. Ameona mikono yenye makovu ya moto, na bado anamwita mzee wa watu mwongo.

Kisha akavuta droo, ikagoma. "Mzee, si umesema wewe ni fundi? Hebu nitazamie hiki kitasa."

Kwa kitasa, ufundi wake uliaminika papo hapo! Na mzee, kwa ustaarabu ambao mimi sina, akatoa bisibisi mfukoni akakifungua. Ofisa akashukuru, akatoa muhuri ndani ya droo, akaugonga kwenye fomu ya mzee: BIDHAA YA NJE.