Gari la Dahabo

Igaal hakuwahi kununua mnyama siku aliyomwona. Baba yake hakuwahi, wala babu yake. Ukimpenda ngamia mnadani unamshika nundu, unamtazama akipiga magoti na kuinuka, unamtazama akinywa maji, kisha unarudi ulikofikia ukalale. Usiku upite kati. Asubuhi ukimkuta bado yupo, na moyo wako bado unamtaka, huyo ni wako. Kwa kanuni hiyo Igaal alifuga miaka hamsini na hakuuziwa ngamia kilema hata mmoja.

Mkewe Dahabo aliugua mafigo. Daktari wa Hargeisa alisema mama huyu aletwe kila wiki asafishwe damu, asikose. Kutoka kambini kwao, nyikani Haud, hadi Hargeisa ni safari ya kutwa, na chombo pekee kinachofika kule ni lori la maji. Lori lilimpeleka mara mbili. Mara ya pili alishuka amekunjamana kama ngozi iliyosahauliwa juani.

"Igaal," alisema, "lori hili sipandi tena. Nizikeni hapa hapa karibu na birika la kunyweshea, mbuzi wanione."

Kuhamia mjini alikataa katakata. Wenye magari ya kukodi walikuja mara moja, wakayaona mawe ya njia ile, hawakurudi. Wiki ikapita bila hospitali. Ndipo Dahabo mwenyewe akasema ngamia wauzwe, linunuliwe gari. Siku alipoolewa, baba yake alimpa ngamia jike mmoja wa kwenda naye kwa mume, na kizazi cha yule jike sasa kilikuwa ngamia kumi na tisa.

"Uza sita," alisema. "Walikuja na mimi, wanichukue."

Sita wakauzwa. Asubuhi ya Igaal kuondoka, Dahabo alisimama mlangoni pa kibanda, mkono mmoja begani kwa mumewe, akainua mguu. Akauinua mpaka pale maumivu yalipomkatalia. Igaal akasimamisha fimbo yake ya kuchungia kando ya unyayo. Dahabo akachukua kisu, akakata alama yeye mwenyewe.

"Gari likizidi hapo, ninunulie na ngazi."

"Sawa."

"Na wewe, usiende kuliwekea gari usiku kati. Mimi uliniona kisimani, ukaweka usiku kumi na tisa kati ndipo mjumbe akaja kwetu."

"Si nilikukuta bado upo?"

"Nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nakungoja, mjinga wewe."

Shamis, mdogo wake Dahabo, alicheka mpaka akakalia kinu. Igaal akaondoka na lori la maji.

Mjini alipokelewa na Libaan, mtoto wa dada yake, mtu mzima anayejua magari. Wakaenda uwanja wa Warsame Jicho Dogo, ambako magari yalipangwa vumbini safu kwa safu.

"Karibu mzee!" alisema Warsame. "Hili limetoka Japani juzi. Lilikuwa la mwalimu. Shule, nyumbani, shule, nyumbani."

Igaal akaweka fimbo chini, kando ya mlango. "Limezidi."

"Hili je? Hili lina nguvu kama—"

"Limezidi."

"Mzee, unanunua gari au unalishonea suruali?"

Watu wakacheka. Igaal hakucheka. Akaenda kwenye gari dogo jeupe, akapima, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hilo la maharusi, mjomba," alisema Libaan. "Jiwe la kwanza tu la Haud litalimwaga matumbo."

La tisa lilikuwa Prado nyeupe, si mpya, si kuukuu. Ubao wa kukanyagia uligusa alama ya kisu sawasawa, kama vile Dahabo alipita pale akaacha maagizo. Igaal akainama, akatazama chini ya tumbo lake. Akawaambia wafungue boneti.

"Fungua mdomo nimwone meno."

"Mjomba, usitutie aibu."

"Liwashe." Akasikiliza, mkono sikioni. "Linahema vizuri." Kisha akaingia, akakaa upande ambao Dahabo angekaa. Akalaza kiti. Akafumba macho. Akashusha kioo, akakipandisha, akakishusha tena. Akakaa humo muda mrefu, hata Libaan akadhani amelala.

Aliposhuka alitandaza shali lake juu ya mkono, kama mnadani, ambako bei husemwa kwa vidole chini ya nguo. Warsame alicheka, lakini baba yake alikuwa dalali wa ngamia, akaingiza mkono chini ya shali. Vidole vikabanana, vikakataana, vikabanana tena. Wakapatana. Kisha Igaal akautoa mkono wake.

"Kesho asubuhi, inshallah."

"Kesho ya nini?" Libaan alishtuka. "Bei mmepatana. Pesa ipo. Tukiondoka sasa, magharibi tuko kambini!"

"Usiku upite kati."

"Gari si ngamia, mjomba! Halina tumbo la kuuma kesho."

"Hilo ndilo nataka kulijua."

"Mzee," alisema Warsame, "mimi simwekei gari mtu asiyelipa."

"Riziki yangu haiendi kwa mwingine."

Jioni alimpigia Shamis. Akamuuliza kama Dahabo anakula.

"Anakunywa maziwa kidogo. Anauliza umeshanunua?"

"Mwambie nimeshaliona."

Asubuhi mahali pa Prado palikuwa na doa la oili tu. Mtu wa Borama alikuja jana yake baada ya alasiri, akalipa, akaondoka nalo. Igaal akasimamisha fimbo kwenye doa lile, akaitazama.

Walizunguka siku nzima. Kila lenye kimo cha Dahabo halikuwa na nguvu, na kila lenye nguvu lilikuwa refu. Siku ya tatu wakapata Landkruza ya kijani, ngumu, iliyozidi alama kwa shubiri moja. Igaal aliilipa pale pale, hata shali hakutandaza. Akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma, aitengenezee kikanyagio cha kuning'inia chini ya mlango.

Fundi akachomelea. Igaal akaja na fimbo.

"Kimezidi kwa kidole."

"Kidole kimoja, mzee? Kidole ni nini?"

"Wewe hukumwona akiinua mguu."

Fundi akakata, akachomelea upya. Jua likazama kikiwa bado cha moto. Simu ya Shamis ikawa haipatikani, na Igaal akajiambia ni chaji, maana kule chaji ni ya jua na siku ile lilikuwa na mawingu.

Waliondoka alfajiri ya siku ya nne, kikanyagio kimeshapakwa rangi. Gari lilikwenda vizuri. Penye mawe Igaal alisema, "Polepole hapa, tuzoee kumbeba," na Libaan akapunguza mwendo, ingawa kiti cha Dahabo kilikuwa kitupu. Njiani Igaal alikula nyama kavu ya samli aliyofungiwa na mkewe, akabakiza nusu.

Kambi ilipoonekana, watoto hawakulikimbilia gari. Wanaume wa kambi za jirani walikuwa wameketi nje ya kibanda, wamevaa viatu vya safari. Upande wa birika kulikuwa na uzio mdogo wa miiba mibichi ambao haukuwapo alipoondoka.

Libaan akazima gari. Igaal hakushuka mpaka Shamis alipokuja dirishani.

"Jana alasiri," alisema Shamis. "Tulipiga, simu ikafa mikononi. Hatukuweza kumweka bila kumzika mpaka urudi, shemeji."

"Aliumia?"

"Alilala tu."

"Alisema nini?"

Shamis alitazama pembeni. "Asubuhi nilimwambia tena gari limeonekana. Akauliza, 'Usiku bado uko kati?' Akacheka. Kisha akaomba maji."

Igaal alikwenda kwenye ule uzio, akasoma Fatiha yake, maana ndiyo anayoijua vizuri. Aliporudi hakuingia kibandani. Alichukua fimbo, akaisimamisha kando ya kikanyagio. Chuma na alama vilikuwa sawa. Hata unywele usingepita.

Akakikalia. Mbuzi walirudi kutoka malishoni, wakanusa matairi, wakampita, wakaenda mlangoni pa kibanda kumtafuta mtu wao. Wakasimama pale wakilia mpaka Shamis akaja kuwafungia.

Gari lilikaa. Libaan alikuja mara moja kwa mwezi kuliwasha lisife betri. Watu walimwambia Igaal aliuze, arudishe ngamia sita. Ukimuuliza habari ya ngamia anakujibu, ukimuuliza habari ya gari anaomba chai.

Mvua za masika, ndizo gu, zilipokwisha alikuja mfugaji wa kisima cha jirani, Nuur, mtu wa makamo, makini. Alilizunguka gari. Akainama akatazama tumbo lake. Akasikiliza likihema.

"Mzee Igaal, lina kasoro gani?"

"Halina. Kasoro ni ya mwenyewe."

Nuur hakuelewa, akaacha. Akatandaza shali lake. Vidole vikabanana. Igaal hakubishana, akakubali kidole cha kwanza alichopewa, hata Nuur akamtazama usoni kwa mashaka. Kisha Nuur akautoa mkono wake.

"Vizuri. Kesho asubuhi, inshallah. Usiku upite kati."

Igaal alipapasa alama ya kisu kwa kidole gumba, kisha akaiegemeza fimbo mlangoni mwa gari.

"Una mke, Nuur?"

"Ninaye."

"Yuko nyumbani?"

"Yuko nyumbani, alhamdulillahi. Kwa nini?"

"Basi lichukue sasa hivi."

"Lakini mzee, si wewe uliyetufundisha—"

"Lichukue, Nuur. Nenda nalo."

Nuur akapanda. Fimbo ilikuwa bado imeegemea mlango, akaichukua, akamnyooshea mzee kupitia dirishani. Igaal akaipokea kwa mikono miwili. Gari likaondoka, kikanyagio kikining'inia, bado na rangi yake yote, maana hakuna mguu uliowahi kukikanyaga.