Émilienne wa Kikula na Mashine Iliyokatazwa Kufa

Nani alimwambia Émilienne kwamba mwanamke aliyepoteza kazi anaweza kujenga kompyuta ya michezo? Hakuna. Ndiyo sababu aliijenga.

Mwaka ule, tisini na nne, Likasi nzima, na mtaa wa Kikula ndani yake, ilikuwa imekaa chini. Viwanda kimya, mishahara hadithi tu, na pesa ya asubuhi ikifika jioni hainunui hata chumvi. Émilienne alikuwa ametunza kompyuta za ofisi ya hesabu miaka kumi na minne, mpaka ofisi ikafungwa. Akabaki na binti yake Carmel, wa miaka minane, na magunia matano ya mahindi kutoka shamba lake la Kapolowe. Matano, basi. Akiyatumia vibaya, Carmel masomo atayasikia kwa wenzake.

Walimu walikuwa wamegoma, watoto wanazurura. Watacheza kwangu, akawaza Émilienne, kila zamu kikombe cha bunga, unga wa mahindi.

Kaka yake mkubwa, Gaston, alifurahi. "Wazo njo hiyo! Kuna muntu Lubumbashi iko na kile kintu cha michezo, ya rangi, mupya kabisa. Unatoa magunia matano, kesho unaanza."

"Hapana, yaya," akajibu Émilienne, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake kwa heshima. "Ile ikikufa, nani ataifungua? Haina hata skurubu. Minye nataka ya miaka kumi, mpaka Carmel amalize masomo."

"Miaka kumi! Hapa? Weye, hata wiki inayokuya hatuijue!"

"Njo maana."

Akachukua karatasi. Wengine wakipanga huandika watakachonunua; yeye aliandika kwanza vitakavyoiua. Alivijua. Kompyuta thelathini zilikuwa zimemfia mikononi pale ofisini: kumi na tisa kwa umeme unaorudi na hasira baada ya kukatika, sita kwa vumbi, nne kwa panya waliotafuna nyaya, na moja kwa kahawa ya mkubwa wa ofisi. Basi akaanza na muuaji mkubwa. Magunia mawili yakaenda kwa stabilisateur, kile chuma kizito kinachotuliza umeme kabla haujaingia kwenye mashine, na kujikata chenyewe umeme ukizidi.

Mama wee, watu walicheka! Miezi mitatu chuma kile kilikaa sebuleni, kimefunikwa kitambaa, na hakuna cha kuchomeka. Majirani wakiingia wanakisalimia: "Yambo, bwana! Watoto hawajambo?" Gaston akaacha kuja, eti anaona aibu. Moyo ulimuuma Émilienne, lakini kichwa chake ni kigumu, na mimi namsifu kwa ugumu huo.

Kwa maana hakukaa bure. Alizunguka kwenye ofisi zilizokuwa zinauza vyombo vyao, akabadilisha mahindi kwa kipande kimoja kimoja. Sanduku la bati linalofunguka kwa bisibisi ya kawaida. Vifaa vya kuingiza umeme, viwili: kimoja ndani, kimoja kabatini. Matundu akayaziba kwa wavu wa mbu. Gunia la mwisho likanunua kioo, cheusi na cheupe, kwa sababu cha rangi hakikufikika. Yeye na Carmel walikula mihogo.

Siku ya kuiwasha waliingia watoto kumi. Wakatazama kandege keupe ka mchezo kakiruka kwenye giza la kioo.

"Mama Carmel, hii haina rangi!"

Wakatoka wote, wakakimbilia kwa Marceline, barabara ya pili, ambaye mume wake alikuwa ameleta ile ya Lubumbashi. Émilienne akabaki peke yake mbele ya kioo, akalia. Ndiyo, alilia. Kisha akafuta macho, akafuta na kioo.

Jumanne iliyofuata umeme ulikatika asubuhi. Saa nane ukarudi, na haukurudi kwa adabu. Balbu zilipasuka, redio zikanuka, na ile ya Marceline ikatoa moshi mbele ya watoto. Sebuleni kwa Émilienne kulisikika "tak!" moja tu: chuma kilijikata. Alingoja umeme utulie, akabonyeza, kandege kakaruka.

Kesho yake foleni ilifika barabarani. Hakuna aliyeuliza habari ya rangi.

Siku ya tisa tangu mashine iwashwe, Gaston akatokea. Akaangalia foleni, akaangalia beseni la bunga, akamvuta dada yake pembeni.

"Mudogo wangu, sikia. Leo mu Kikula yote hakuna ingine. Niko na muntu, anatoa magunia kumi na mbili. Uzisha sasa, kabla ikufe."

Kumi na mbili! Émilienne aliogopa, nisikudanganye. Bunga la beseni lile lingewalisha siku nne tu. Alimwangalia Carmel, aliyekuwa anaita zamu kwa sauti ya mwalimu mkali.

"Yaya, hii iko na siku tisa. Ikitimiza miaka kumi, kuya tuongee bei. Na leo, kwa heshima yote: umesimama mu njia, na batoto banangoya."