Sauti ya Kushoto

Wilhelmina hana dogo, na Mkolani nzima inajua. Ukimwambia samaki wake leo wamekauka, atakurudishia hela yako na kukuomba usionekane tena karibu na kikaango chake. Watu walimvumilia kwa sababu moja tu: alikuwa anajua kuimba. Asubuhi akiwa anaparua magamba ya sato kando ya barabara, akijisahau akaanza wimbo, hata bodaboda walizima pikipiki wamsikilize. Tangu usichana wao kule Kisesa alikuwa anaimba na Evelina, yeye sauti ya juu, mwenzake ya chini. Walipohamia mjini wakaingia kwaya moja, wakasimama mbele, Wilhelmina kushoto, Evelina kulia.

Mwaka huu moshi wa mafuta ulianza kumkalia kooni. Sauti ikawa inakwaruza. Kwaya ilipokaribia kwenda kurekodi, Evelina, ambaye ndiye mwenyekiti, alimwambia kwa upole, "Mina, pumzisha koo. Ikishindikana, Dorcas atakushikia ubeti wako." Wilhelmina alikunywa tangawizi mpaka midomo ikamchoma, akaenda studio, akaimba mwenyewe. Aliamini ameimba vizuri. Lakini lile jina la Dorcas lilibaki limemkwama kama mwiba wa samaki.

Jumapili video ilipoanza kuonyeshwa kwenye kituo cha kebo, sebule yake ilijaa majirani. Mumewe, Masele, aliongeza sauti ya sabufa. Kinanda kikalia, wanakwaya wakaingia wakiyumba na sare zao za bluu, na kamera ikamsogelea Wilhelmina. Akaonekana anafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Ubeti mzima alikuwa anafungua na kufumba mdomo, mkono ukapanda juu kwa hisia, na sebuleni kilisikika kinanda peke yake. Kisha Evelina akajibu, safi kabisa, kila neno.

"Kumbe Mama Winnie ulikuwa unaigiza tu?" alisema Hellen wa nyumba ya pili, bila ubaya wowote. Mtu mmoja akacheka.

"Wamenitoa," alisema Wilhelmina. "Wameona sauti yangu mbovu, wamenifuta."

"Subiri kwanza," Masele alisema. "Labda ni king'amuzi."

"King'amuzi kinachagua nani aimbe? Mbona Evelina anasikika?"

Wiki zote za karibuni walikuwa wanaangalia taarifa ya habari na mpira, na halikupotea hata neno moja la mtangazaji. Wilhelmina alichukua sare yake kabatini, akaikunjakunja ovyo, akatoka.

Alimkuta Evelina nyumbani kwake Buhongwa, anaanua nguo. Hakusalimia. Aliitupa sare kwenye beseni.

"Umeenda studio ukawaambia wanifute."

"Nani kakufuta, Mina? Sauti yako ipo. Nimeisikia sasa hivi."

"Usinifanye mtoto. Nimejiona kwa macho yangu, nimekaa bubu mbele ya majirani." Na kwa kuwa Evelina hakuwaka, Wilhelmina alitafuta neno litakalomwasha. "Mungu alijua kwa nini hakukuachia mtoto. Mtu anayeiba sauti ya mwenzake angemlea nani?"

Wapangaji waliokuwa bombani waliacha kuchota maji. Evelina alizika watoto wawili wachanga, na mara zote mbili aliyemshika mkono makaburini alikuwa huyuhuyu Wilhelmina. Evelina aliiokota sare, akaikunja vizuri, akaingia ndani na kufunga mlango.

Wilhelmina alirudi nyumbani hasira zikiwa bado zinachemka. Alimkuta Masele amepiga magoti nyuma ya televisheni. Baada ya majirani kuondoka, alikuwa ametega sikio kwenye kila spika na kugundua kwamba ya kushoto iko kimya. Akadhani imeungua. Akapishanisha nyaya za spika, na ile ya kushoto ikalia vizuri, akazirudisha zilivyokuwa. Akapishanisha waya mweupe na mwekundu kule kwenye king'amuzi, na safari hii ikanyamaza ya kulia. Kwa hiyo spika zilikuwa nzima, tatizo lilikuwa kwenye king'amuzi chenyewe. Akarudisha nyaya mahali pake, akashika rimoti, akakuta kitufe kidogo cha sauti kimebonyezwa kwa bahati mbaya, king'amuzi kinatoa sauti ya upande wa kulia tu. Alibonyeza mara moja.

"Sikiliza," alisema. Kituo kilikuwa kinarudia wimbo uleule.

Sauti ya Wilhelmina ilitoka kwenye spika ya kushoto, imekwaruza kidogo, lakini ya juu na nzuri, imejaa chumba.

"Studio wamewapanga kama mlivyosimama," Masele alieleza. "Wewe spika hii, Evelina ile. Mtangazaji anasikika zote mbili, ndiyo maana hatukujua."

"Kwa nini hukubonyeza kabla sijaondoka?" Alimpigia kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Nilikwambia subiri."

Wilhelmina alitamani kuiponda rimoti kwa jiwe, amponde na Masele, na Hellen, na mdomo wake mwenyewe. Mpaka kesho yake alikuwa bado anawafokea wateja, na samaki wawili waliungua.

Jioni hiyo alipanda tena Buhongwa. Evelina alifungua mlango, akamsikiliza habari za rimoti mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, kama sasa wanaipata sauti vizuri. Kisha akaingia ndani, akatoka na sare imepigwa pasi.

"Mazoezi Jumatano saa kumi. Usichelewe. Ubeti ni wako, Dorcas hauwezi."

Wilhelmina alisikia mzigo ukimshuka kifuani. Machozi yakamtoka, akanyoosha mikono amkumbatie. Evelina, ambaye maisha yake yote alimwita Mina, alirudi nyuma.

"Kwenye kwaya tutaimba, Mama Winnie," alisema. "Hapa kwangu usije tena."

Jumatano Wilhelmina aliwahi kuliko wote. Alisimama kushoto, Evelina kulia, na mwalimu wa kwaya akasema hajawahi kuwasikia wakiimba vizuri namna ile. Baada ya sala ya kufunga aligeuka kusema neno, na Evelina alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma.