Swali Ambalo Levina Hakuwauliza Wafiwa

Kwa miaka kumi na moja Levina, mama wa Kibaoni, alipata riziki yake kwa kuuliza habari za marehemu. Ofisi ya utafiti ilimpa baiskeli na kishikwambi, akawa anazunguka vijijini, mara nyingine kuhesabu watu wa kila kaya. Nyumba iliyofiwa huipa muda, matanga yaishe, ndipo apige hodi aulize marehemu aliuguaje. Maswali yenyewe mengi, kichwa kinauma. Baadaye madaktari huketi na majibu hayo wakasema huyu kafa kwa malaria, huyu moyo, huyu kansa.

Kazi aliijua. Ila palikuwa na swali moja alilolikwepa. Marehemu akiwa mwanamke mtu mzima, lazima uulize kama alitokwa damu baada ya kukoma hedhi. Sasa wewe binti wa watu, utamuulizaje mzee wa kiume jambo hilo, au mkwe wa marehemu? Levina alibonyeza "hawajui", akaendelea na swali la kikohozi. Kwake hiyo ilikuwa adabu. Wafiwa nao walimpenda, wakamfungia samaki wa kwenda nao.

Mwezi wa tatu Levina na wenzake wakaitwa semina. Daktari Lukelo akawaonyesha ukutani mstari wa vifo vya kansa nchini, unavyopanda miaka ishirini ijayo. Akasema si lazima ugonjwa uzidi ukali: watu wanaongezeka, na wengi sasa wanafikia uzee, na kansa huwaandama zaidi wazee. Kwa mstari huo wakubwa watajua mashine na wauguzi wapelekwe wapi. Kisha akafika kwenye vifo vya kina bibi wa bonde lao. Nusu ya majibu ya swali la damu, ambayo ni dalili ya kansa ya kizazi, yalikuwa "hawajui".

"Hapo tunakisia tu," akasema, akasikitika kwamba wananchi hawazijui dalili.

Wenzake wakaguna. Levina akatazama viatu vyake. Wananchi hawakuwa wameulizwa.

Wiki iliyofuata akaenda Mofu kwa mzee Mayunga, mfugaji, aliyefiwa na mkewe Kristina. Wanawake wa nyumba walikuwa shambani kupalilia, mzee kabaki peke yake akisokota kamba ya ndama. Levina akampa shikamoo, akapewa kigoda. Homa, kikohozi, kuvimba miguu, vyote mzee akajibu, hata akatania kwamba hicho kishikwambi kina maswali mengi kuliko mama mkwe. Lilipofika lile, kidole cha Levina kikaenda chenyewe kwenye "hawajui". Akakizuia.

"Baba, utanisamehe. Mama alikuwa akitokwa damu, baada ya kuacha siku zake?"

Mzee akaiweka kamba chini. Levina akadhani atafukuzwa.

"Alitokwa," akasema Mayunga. "Alinificha, nami nikajifanya sioni. Mwaka jana ulikuja hapa kuhesabu watu. Ukamkuta amekalia khanga tatu. Ukamwuliza umri, ukaandika, ukaondoka. Mbona hukumwuliza yeye mwenyewe, mwanangu?"

Siku ile kishikwambi hakikuwa na swali la damu, lakini hilo si jibu la kumpa mfiwa. Levina akabonyeza "ndiyo". Swali lililofuata lilitaka kujua ni kwa muda gani.

Mayunga akahesabu kwa mavuno ya mpunga. Yalikuwa mawili. Hospitali walikwenda baada ya mavuno ya pili, na huko wakaambiwa wamrudishe nyumbani.

Levina akaandika yote.