Tairi Nilizomuuzia Nkwabi

Ndugu zangu, nimekosa. Naanza hapo hapo kabla sijatafuta kisingizio, maana kwa visingizio mimi ni fundi kuliko hata kwa tairi.

Jina langu sitoi, na majina ya wahusika nimeyabadilisha. Wa Geita wakinitambua, basi, na wacheke, ila wasinifuate dukani.

Miaka ile, vita kuu vikiwa vimeisha si zamani, nilikuwa nauza na kufunga tairi kwenye duka la spea huko Geita, jirani na machimbo ya dhahabu. Baiskeli nyingi, malori kiasi, na pikipiki za kuhesabu. Lakini tairi nilizijua, jamani! Mtu akiniambia anatoka wapi na anakwenda wapi, nilimchagulia bila kukuna kichwa.

Kilichoniponza ni ngoma.

Sisi Wasukuma tukishavuna tunacheza kwa kushindana. Kuna Bagalu na kuna Bagika, na ukishakuwa upande mmoja hata mke hawezi kukuhamisha. Siku ya mashindano pande zote mbili zinacheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake anayetunga nyimbo na kuziongoza. Mwamuzi hakuna. Watu wanatembea tu, wanasikiliza huku, wanasikiliza kule. Manju atakayezungukwa na wengi jua likizama, huyo kashinda. Ndiyo maana manju hutafuta dawa, ya kuvuta watu na ya kumfunga mwenzake sauti. Hilo halifichwi, kila mtu analijua, na ni sehemu ya raha yenyewe.

Mjomba wangu Lushinge, ndiye aliyenilea, alikuwa manju wa Bagalu kijijini kwetu, upande wa Shinyanga, ukishavuka mbuga. Mpinzani wake alikuwa Nkwabi wa Bagika. Na Nkwabi alimshinda mjomba kila msimu. Kila msimu, ndugu zangu! Tulirudi nyumbani vichwa chini, mke wa mjomba anapakua ugali unapoa bila kuguswa.

Mwaka ule magoti ya mjomba yalianza kugoma. Nilipokwenda kumsalimia akaniambia, "Mpwa wangu, huu ndio msimu wangu wa mwisho. Nina nyimbo mpya Nkwabi hajazisikia hata kwa ndoto. Nikimpata mara hii moja tu, natundika njuga ukutani, nakaa zangu nanywa togwa."

Nikarudi Geita na hiyo mara moja tu kichwani. Nilikula nayo, nililala nayo.

Basi asubuhi moja nani anaingia dukani? Nkwabi mwenyewe! Alikuwa anafanya kazi machimboni pale Geita, mtu mrefu, mcheshi, sauti yake ikikohoa tu unageuka. Nje ameegesha pikipiki kuukuu ya jeshi, ya yale makorokoro yaliyouzwa baada ya vita. Tairi zake zilikuwa vipara vitupu.

"Shikamoo, mzee Nkwabi."

"Marahaba, fundi! Nitazame vizuri. Safari hii naingia uwanjani juu ya hii. Njuga miguuni, manyoya kichwani, moshi nyuma! Mjomba wako atabaki anaimbia mbuzi."

Alijua mimi ni mpwa wa Lushinge. Alijua, na bado akaniamini. Akaniambia, "Njia yangu unaijua. Mawe hapa kwetu, mchanga ukikaribia Kahama, halafu ukipita Isaka ile mbuga ya udongo mweusi. Nivae nini?"

Na mwaka ule mvua zilichelewa kukata. Mtama ulishavunwa, lakini mbuga ilikuwa bado mbichi. Anayeujua udongo ule ananielewa. Ukikauka ni kama tofali, ukilowa ni gundi.

Dukani nilikuwa na tairi za aina mbili zilizoingia rimu za pikipiki yake. Moja ilikuwa na kashata, yale meno ya tairi, ndogo ndogo zilizosongamana, ubavu mnene. Hiyo kwa mawe ni nzuri mno, inashika kila kona ya jiwe na haichaniki. Ya pili ilikuwa na kashata kubwa, ndefu, zilizoachana. Hiyo ndiyo ya matope. Udongo ukiingia katikati, gurudumu likizunguka linautupa nje. Ile ya kwanza haitupi kitu. Udongo wa mbuga unajaa kati ya kashata, tairi inakuwa kipara, halafu unazidi kujikusanya chini ya madigadi, yale mabati ya kuzuia matope, mpaka gurudumu linakwama kabisa.

Mtu mkweli angemwambia hivi: mzee, chukua hizi zilizoachana, mbele na nyuma. Kwenye mawe nenda polepole zisinyofoke, kwenye mchanga punguza upepo, na ukifika mbugani fungua madigadi uyafunge mgongoni. Utafika mchafu, lakini utafika.

Mimi nikamshushia zile za mawe.

"Hizi ndizo zako," nikasema, na uso wangu ulikuwa mkavu hata leo najishangaa. "Mawe hayatazigusa. Kwenye mchanga punguza upepo, usiukaze usukani, iache pikipiki ijitafutie njia."

Yote kweli tupu! Hapo ndipo ubaya wangu ulipokaa, maana kila nilichosema kilikuwa kweli.

Akanyoosha kidole kwenye zile nyingine zilizoning'inia. "Na hizi zenye meno ya fisi?"

"Aa, hizo mawe ya Geita yatazing'oa meno kabla hujafika Kahama."

Akacheka, akalipa, akanishukuru, wabeja sana. Nikamfungia mwenyewe kwa mikono yangu hii, nikampa na kiraka cha akiba. Alipoondoka niliimba siku nzima mpaka tajiri wangu akaniuliza kama nimeposa.

Mtaniuliza dhamiri ilikuwa wapi. Ndugu zangu, nilijiona mwerevu! Nilijiambia, wengine wanaweka dawa, mimi nimeweka tairi. Tofauti iko wapi?

Nikaomba ruhusa, nikadandia lori mpaka Isaka, nikapanda treni hadi Shinyanga, nikafika nyumbani mapema. Mjomba alikuwa anapaka njuga mafuta. Alinong'ona nyimbo zake mwenyewe kama bibi harusi anayejaribu nguo. Sikumwambia kitu. Nilitaka liwe zawadi.

Siku ya siku ikafika. Watu! Walikuja kutoka Songwa, walikuja kutoka kila upande, maana habari ya manju wa pikipiki ilishatembea. Bagika wakaanza ngoma zao huku wanatazama njia. Bagalu nasi tukapasha ngozi moto. Jua likapanda. Nkwabi hayupo.

Mimi meno yote nje!

"Mjomba, anza," nikamwambia. "Watu ndio hawa, wote wako!"

"Niache. Nitaanza akija."

"Na asipokuja?"

Akanitazama kama nimesema jua halitazama. "Nkwabi? Asije?"

Akasimama pale na manyoya yake, na magoti yake yanamuuma, anatazama njia. Mchana ukapita. Vijana wakamlazimisha, akaimba nyimbo zake za zamani, kwa unyonge, zile mpya akaziweka akiba. Watu wakatuzunguka, ndiyo, wakatuzunguka kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda. Wakapiga miayo. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Sasa tunachagua nini?" akabeba kikapu chake akaondoka. Wengine wakamfuata. Jua lilipozama uwanja ulikuwa na Bagalu wenyewe kwa wenyewe, na Bagika walioketi chini wamenuna.

Nikapiga kelele, "Tumeshinda!" Hakuna aliyeitikia. Mjomba alikuwa ameshaanza kuvua njuga.

Hapo nikaanza kujuta, ndugu zangu. Kwa mara ya kwanza.

Asubuhi yake tunakunywa uji, tunasikia watoto wanashangilia. Tunatoka nje, tunaona ng'ombe wawili wa jembe wanavuta pikipiki! Nyuma yake Nkwabi kwa miguu, matope mpaka kwenye nyusi, manyoya yake ya kichwani yamelala kama kuku aliyenyeshewa. Mimi nilitamani kucheka na nilitamani kukimbia, nikashindwa vyote viwili.

"Mwangaluka, Lushinge," akamwamkia. "Nisamehe. Nimekuweka."

"Mwangaluka. Umekuwa wapi, bwana wewe? Nilisimama nikikungoja siku nzima!"

Nkwabi akaonyesha magurudumu. "Mbuga imenimeza. Kila hatua nachokonoa udongo kwa kijiti, nikisogea kidogo umejaa tena." Kisha akanigeukia, na hiki ndicho kilichonimaliza, akasema, "Lakini fundi wako huyu ni mkweli. Aliniambia mawe hayatanisumbua, na kweli, mawe hayakunisumbua."

Mjomba wangu tairi hazijui. Lakini mbuga anaijua, amelima pembeni yake maisha yake yote. Akachuchumaa polepole kwa ajili ya magoti, akatia ukucha kati ya zile kashata zilizosongamana, akabandua bonge la udongo mweusi. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Na mbuga ulimwambiaje?"

Nikajifanya napangusa matope kwenye taa ya pikipiki.

"Nimekuuliza. Mbuga ulimwambiaje?"

"Sikumwambia, mjomba." Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Nilitaka ushinde. Mbona wengine wanaweka dawa..."

"Dawa!" Akasimama kwa ghafla mpaka goti likalia. "Dawa ninamwekea mtu aliye mbele yangu, na yeye ananiwekea! Huyu umemzuia porini. Mimi nimroge nani, ng'ombe hawa?"

Nkwabi akasema, "Kumbe!" Akatazama viganja vyake vilivyochubuka, akanitazama mimi, kisha akaangua kicheko kikubwa mpaka akashika ubavu. "Lushinge, mpwa wako amekushinda kwa uchawi!"

Mjomba hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na njuga zake. Akamwambia Nkwabi aoge, ale, kisha waende uwanjani.

"Uwanjani kuna nani?" nikauliza.

"Yupo mtu mmoja. Wewe. Umewafukuza watu, sasa wewe ndiwe watu."

Tukaenda. Uwanja mtupu, majani yamelazwa, maganda ya karanga kila mahali. Nkwabi akasimama huku, mjomba kule, na mimi nikawekwa katikati kama mbuzi wa mnada. Wakaanza pamoja.

Ndugu zangu, nyimbo zile mpya za mjomba! Sijawahi kumsikia hivyo. Alimsema Nkwabi, akaisema pikipiki, akayasema magoti yake mwenyewe, vyote kwa mkupuo mmoja, njuga zinaitikia. Na Nkwabi naye, bila usingizi, amechubuka, akafungua ile sauti yake nikasikia nywele zinasimama. Sikujua niende wapi. Naapa sikujua! Ilikuwa ngoma ambayo watu wangetembea huku na huku mpaka giza.

Nikaenda kwa mjomba.

Nilipiga hatua chache tu. Akanyamaza katikati ya wimbo, mkono ukiwa bado hewani.

"Umekuja kwa wimbo au umekuja kwa mjomba wako?"

Nikayatazama maganda ya karanga miguuni.

"Unaona," akasema, na sasa hakuwa na hasira hata kidogo, afadhali angekuwa nayo. "Wewe ungekuja hata kama nakohoa."

Akaketi pale pale akavua njuga. Nkwabi naye akanyamaza, akaja akaketi kando yake. Wakakaa bega kwa bega wazee wale, na mimi nikasimama mbele yao nalia kwikwi, mwanaume mzima, fundi wa tairi.

Nkwabi hakunishtaki kwa tajiri wangu wala kwa mtu yeyote. Nilimfungia zile tairi nyingine kwa fedha yangu, nikamfungulia na madigadi. Akanishukuru! Msimu uliofuata alivuka mbuga bila shida, akafika kijijini asubuhi, manyoya yamesimama, moshi nyuma. Akamtuma mtu nyumbani kwetu kumwita Lushinge.

Mjomba akajibu, "Mwambie magoti yamekataa."

Na si uongo, alikuwa anatembelea fimbo. Nilimwona anasikiliza ngoma kwa mbali, mguu unajigusa chini wenyewe.

Sasa watu wa kwetu wakibishana vilabuni, Lushinge na Nkwabi nani zaidi, kuna wanaosema kama mzee angepata ule msimu wa mwisho na nyimbo zile, angemwangusha. Wengine wanasema wapi! Hawatajua. Na mjomba wangu, ambaye alitaka kujua mara moja tu katika maisha yake, naye hajui. Mimi ndiye niliyemnyima, kwa mapenzi.

Kwa hiyo nawaonya, hasa nyinyi mliokaa nyuma ya meza za maduka mkiwa na watu wenu mnaowapenda. Mpinzani wa baba yako akija, wa mjomba wako, wa kaka yako, mweleze njia yote. Mweleze mawe, mweleze mchanga, mweleze na mbuga! Muuzie tairi itakayomfikisha, umpe na pampu juu. Mwache afike, jamani. Kuna mtu anamsubiri.